Mlango wa Nyuma, Upande wa Kushoto

Gari la kwanza la milango miwili ambalo Felisian alipata kuliona liliingia Sumbawanga likivutwa kwa kamba. Lilikuwa limetoka Mbala, upande wa Zambia, na mwenyewe alikuwa mbioni kwenda Mpanda. Felisian wakati huo alikuwa kijana wa kutoka Kate anayejifunza kunyoosha bodi za magari katika karakana ya misheni. Siku ile alipewa kazi ya kulifuta vumbi tu, naye alilifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kilichomshangaza ni ubavu wake. Bati lilikwenda kutoka taa ya mbele hadi taa ya nyuma bila kukatizwa na mlango wa pili, na kioo cha pembeni kilikuwa kirefu kama dirisha la kanisa lililolazwa.

Alimsimulia habari hiyo Luciana, binti wa kutoka Mwimbi aliyekuwa akimchumbia. Luciana alisikiliza yote, mlango, kioo na bati, kisha akasema, "Hilo ni gari la watu wasiotaka watoto."

"Au la watu ambao watoto wao wamekwisha kuondoka nyumbani."

"Basi subiri waondoke."

Felisian alisubiri. Yeye na Luciana walipata Pijo 504 ya milango minne, mzoga usio na injini uliokuwa umeota majani nyuma ya ghala moja mjini. Aliifufua mwenyewe, bati kwa bati. Kwa miaka mingi Pijo hiyo ndiyo iliyokuwa gari la ukoo. Ilibeba mahindi na ulezi, ilipeleka wagonjwa hospitali, ilitoa maharusi kanisani, na siti yake ya nyuma ilikaliwa na kila mtu, pamoja na mbuzi mmoja wa mahari ambaye Luciana hakuacha kumtaja.

Aliyeikalia mara nyingi zaidi ni Agnesi, mama yake Luciana, mjane aliyeishi Mwimbi. Kila mwaka baada ya mavuno Felisian na mkewe walikwenda kumchukua aje akae kidogo mjini na mwanaye. Kwa desturi waliyolelewa nayo wote wawili, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hawagusani, hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na neno la mmoja humfikia mwingine kupitia kwa mtu wa tatu. Kwa hiyo Felisian akishasimamisha gari uani kwa mkwe wake, alishuka, akaenda kusimama mbali akitazama mashamba. Agnesi alitoka ndani, akafunguliwa mlango wa nyuma wa kushoto, akaketi na kujifunika kitenge chake. Mlango ulipofungwa ndipo Felisian aliporudi kwenye usukani. Kioo cha kutazamia nyuma kilikuwa kimekwisha kuelekezwa kwenye paa. Njia nzima hakugeuka.

"Luciana," Agnesi angesema kutoka nyuma, "mwambie baba Lydia apunguze mwendo. Mgongo wangu si gunia la mahindi."

"Mwambie mama mashimo ni ya barabara, siyo yangu."

"Mwambie barabara haina mguu wa kukanyagia mafuta."

"Mmesikiana," Luciana alisema. "Msinichoshe."

Hivyo ndivyo Felisian alivyomjua mama mkwe wake. Alikijua kikohozi chake, na namna alivyocheka kwa kuvuta pumzi ndani. Alijua pia kwamba wakifika mtoni hunyamaza mpaka gari lipande ng'ambo. Angeulizwa sura yake ilivyo, asingeweza kujibu. Hakukuwa na chumba hata kimoja duniani ambamo wawili hao waliwahi kukaa pamoja. Walikaa pamoja ndani ya Pijo tu.

Luciana alifariki katikati ya masika, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mvua ilikuwa imelichukua kalavati kwenye barabara ya Mwimbi, na magari hayakupita kwa siku nyingi. Mwili haukuweza kungoja. Ulipelekwa Kate, nyumbani kwa akina Felisian, na Agnesi akapewa habari za mazishi kwa simu ya jirani. Wanawake wa Mwimbi walikuja kukaa naye, wakaimba, wakapika, na mama huyo akamlilia mwanaye bila kuliona jeneza lake.

Msiba ulipokwisha, Felisian alirudi mjini, kwenye nyumba yake ya Chanji, akiwa peke yake. Wanawe wa kiume walikuwa mbali kikazi. Lydia, kitinda mimba, alikuwa ameolewa Muze, chini bondeni kuelekea Ziwa Rukwa. Siku moja alifungua Pijo aitie chaji betri, akajikuta akiitazama siti ya nyuma. Alijaribu kuwaza nani ataikalia tena. Aliwahesabu watoto, akawaona wameondoka. Alimwona Luciana, ambaye siku zote alikaa mbele, naye hayupo. Akaona siti ile haina mtu.

Wiki iliyofuata alianza kukata.

Kugeuza gari la milango minne kuwa la milango miwili si kuchomelea milango ya nyuma na kupaka rangi juu, kama walivyofikiri wengi waliopita kumtazama. Gari la namna hiyo hushikiliwa na nguzo ya kati, ile inayosimama baina ya mlango wa mbele na wa nyuma. Ukiikata bila maandalizi, paa hulegea, sakafu hupinda, na mlango haufungiki tena maisha. Felisian alianza kwa kuchomelea mabomba ndani, kutoka sakafuni hadi kwenye paa na kutoka ubavu hadi ubavu, mpaka gari likawa kama kitanda cha kamba. Ndipo alipozikata nguzo na kuzisogeza nyuma. Milango ya mbele aliirefusha kwa kuiunga na vipande vya ile ya nyuma. Bawaba alizitengeneza upya kwa chuma kinene, kwa sababu mlango mrefu ni mzito. Nafasi iliyobaki aliiziba kwa bati alilolipiga kwa nyundo kufuata mkunjo wa ubavu. Siti za mbele alizifanya ziiname, ili anayetaka kwenda nyuma apite.

Kazi hiyo ilikula kiangazi na masika yaliyofuata, kwa sababu aliifanya baina ya kazi za wateja. Timoth, rafiki yake aliyekuwa fundi wa rangi katika karakana ileile ya misheni, alipiga puti na msasa hadi vidole vikachubuka, kisha akaipaka rangi ya kijani kilichokolea.

"Sasa umebaki na gari la kujitazamia wewe," Timoth alisema walipoisukuma nje.

"Litazame na wewe. Nimekuruhusu."

"Nimelitazama. Mkeo angekucheka."

"Angecheka, halafu angepanda," alisema Felisian.

Habari zilienea mjini. Amin, kijana wa familia moja yenye maduka na malori, alikuja mara tatu kulizunguka gari, kila mara akiwa na rafiki mwingine.

"Shikamoo, mzee Felisian."

"Marahaba. Umekuja kulitazama tena? Litaisha rangi."

"Mzee, Mbeya nzima hakuna mashine kama hii. Mwezi wa saba wenye magari ya zamani wanakutana kule. Twende wote, nitakusindikiza. Wale jamaa watakaa chini."

Felisian alijifanya anatafuta spana. Tangu ujana wake hakuna mtu aliyemwambia neno kama hilo. "Tutakwenda," alisema. "Kwanza kuna misa ya mama Lydia."

Misa ya kumbukumbu ya Luciana ilipangwa Kate, Jumapili moja ya mwezi wa sita. Familia iliisogeza mpaka mavuno yaishe, ili watu wapate nafasi na ulezi uwepo. Siku hiyo msalaba wa kaburi ungebarikiwa. Lydia alitangulia Mwimbi kumwandaa bibi yake, na kutoka huko akapiga simu.

"Baba, miguu ya bibi imezidi kuvimba. Kutembea kwake ni kuanzia mlangoni hadi jikoni. Lakini amesema ukija kumchukua, atakwenda. Anasema hajaliona kaburi la mwanaye, na anahofia mwakani hataweza tena."

"Mwambie Alhamisi nitakuwa hapo."

Alhamisi aliondoka mapema. Upepo wa baridi wa msimu huo ulikuwa unavuma, na kijani cha gari kilikuwa kinameta. Aliingia uani kwa Agnesi, akazima injini, akashuka, akaenda kusimama kando ya tuta la viazi, akiupa mgongo mlango wa nyumba kama alivyozoea. Alisikia hatua nzito na fimbo. Kisha hatua zikakoma.

Alisikia kiganja kikipapasa bati.

"Lydia," sauti ya Agnesi ilisema, "mwambie baba yako mlango wangu siuoni."

Felisian alibaki akitazama viazi. Maneno hayo yalimwingia polepole. Alikuwa amewahesabu wote waliopanda gari lile, akamsahau mtu aliyemchukua kila mwaka, kwa sababu ndiye mtu pekee ambaye hakuwahi kugeuka kumtazama.

"Bibi, siti ya mbele inainama," alisema Lydia. "Ona. Utapita hapa, nitakushika."

Walijaribu. Bila kugeuka, Felisian alisikia siti ikiinamishwa, fimbo ikigonga bati, na pumzi ya mama mkwe wake ikikatika. Mguu wake haukuweza kuvuka kizingiti cha gari huku mgongo umepinda. Lydia alivuta, akashindwa. Alihitajika mtu mwenye nguvu wa kumnyanyua, na aliyekuwa karibu ni mmoja tu, ambaye hakuruhusiwa kumgusa. Kukaa siti ya mbele, bega kwa bega na mkwe wake, hakuna aliyethubutu hata kulitaja.

"Niwaite vijana wa jirani?" Lydia aliuliza.

"Nitabebwa na watu siku yangu ikifika," alijibu Agnesi. Alikaa kizingitini, akapumua. "Mwambie baba yako asihangaike. Gari ni zuri. Nitamwombea Luciana nikiwa hapahapa."

Felisian alijibu kwa sauti ambayo Lydia hakuizoea. "Mwambie bibi yako Jumamosi nitarudi. Mwambie ajiandae vilevile."

Njiani hakuwasha redio. Alipofika karakana alitoa siti za mbele kabla hata ya kula, akaanza kuyachomelea tena mabomba yaleyale ndani ya gari. Timoth alikuja akiwa ameshika kikombe cha chai.

"Unafanya nini?"

"Naurudisha mlango wa nyuma. Huu wa kushoto."

Timoth aliweka kikombe chini. Felisian alimweleza, naye alisikiliza mpaka mwisho, akijikuna shingoni.

"Kodi gari," alisema Timoth. "Amin atakupa Noah hata leo. Mama anapanda, anafika Kate, mambo yamekwisha. Kwa nini uivunje kazi ya mwaka mzima?"

"Akipanda Noah ya Amin atakuwa amepelekwa na Amin."

"Na mafuta utakuwa umetia wewe."

"Timoth, mimi ndiye niliyemtoa Luciana pale uani. Nilimchukua akiwa mzima, na kumzika nikamzika bila mama yake kuwepo. Leo nimekwenda kumchukua mama yake nikamwonyesha ukuta. Sitamtuma mtu mwingine."

Timoth alikitazama kijani chake, rangi iliyompa sifa mjini. "Kwa siku mbili hutaweza kuipaka rangi."

"Sitaipaka."

"Na Mbeya?"

"Mbeya wanataka gari la milango miwili."

Timoth aliimalizia chai yake. Kisha akachukua grainda. "Basi niache nikate mimi upande wa juu," alisema. "Rangi ni yangu. Ikiumia, iumie mkononi mwangu."

Walifanya kazi Alhamisi hadi giza, na Ijumaa kutwa. Waliukata mlango mrefu pale ulipoungwa, wakairudisha nguzo mahali pake, ambapo alama yake ya zamani ilikuwa bado inaonekana sakafuni. Kipande cha mlango wa nyuma kilikuwa kimepoteza umbo, wakakinyoosha juu ya reli. Kioo cha zamani kilikuwapo darini, kwani Felisian hakuwahi kutupa kitu kilichotoka kwenye gari hilo. Kitasa kiligoma mpaka Jumamosi asubuhi. Amin alipopita alisimama barabarani, akaona cheche, akafika karibu bila kusalimia.

"Mzee, nani kakuroga?"

"Mama mkwe wangu hana mlango."

Kwao Amin pia kulikuwa na wakwe. Alivua koti lake, akaushika mlango kwa chini, akauinua huku Timoth akipachika bawaba. Hakuitaja Mbeya tena.

Gari lililoondoka Sumbawanga mchana huo lilikuwa na milango mitatu. Upande wa kulia lilikuwa kijani, refu, linameta. Upande wa kushoto lilikuwa na makovu ya kuchomelea na madoa ya rangi ya chini ya kijivu, na mlango wa nyuma ulitoa mlio kila walipopita shimo. Vijana wa bodaboda kwenye kituo cha mafuta walilicheka waziwazi. Mmoja aliuliza kama nusu nyingine imeliwa na fisi. Felisian alimjibu kwamba fisi ameshiba, apite tu.

Mwimbi alisimama palepale kwenye tuta. Alisikia fimbo, hatua, kisha kitasa kikifunguliwa. Siti ya nyuma ililalamika kidogo, kama zamani, na mlango ukafungwa. Lydia alikaa mbele, mahali pa mama yake, na gari likaondoka polepole kuliko lilivyowahi kuondoka. Usiku ule Agnesi na mjukuu wake walilala nyumba ya Chanji, na Felisian, kama kila mara mkwe wake alipokuja mjini, akaenda kulala kwa Timoth.

Jumapili, baada ya misa, padri alibariki msalaba, na watu wakatawanyika kwenda kula. Agnesi aliomba aachwe kidogo. Lydia alimletea kigoda, akamwambia upande ambao kichwa kimelala. Mama huyo aliinama, akapapasa saruji kwa kiganja chote, kuanzia juu hadi chini, taratibu, kama anayemtafuta mtoto homa. Felisian alisimama mbali, nyuma ya makaburi ya wazee wake. Upepo ulimletea vipande vya maneno. Agnesi alikuwa anamweleza Luciana kwamba ulezi wa mwaka huu umekubali, kwamba paa la jiko limebadilishwa, kwamba kalavati limejengwa upya na sasa ni la zege. Alimweleza kwa nini hakuja kumzika. Alirudia hilo la mwisho mara kadhaa. Alipomwita Lydia amsaidie kusimama, sauti yake ilikuwa imetulia.

Waliondoka Kate jua likiwa bado juu. Walipita Sumbawanga bila kusimama, na walipoiacha lami kuelekea Mwimbi, Felisian alisikia nyuma yake pumzi ndefu zinazokwenda sawasawa. Alipunguza mwendo tena. Mtoni alipita kama mtu aliyebeba maji kichwani.

Waliingia uani machweo.

"Bibi amelala," Lydia alinong'ona.

"Mwache. Kafungue nyumba uwashe moto kwanza."

Lydia alishuka, akauegemeza mlango bila kuubana, akaenda. Kwa desturi Felisian naye alipaswa kushuka na kwenda kusimama mbali. Lakini mlango wake, ule mrefu wa kulia, haukuwahi kujua kufunguka kimyakimya, na mama alikuwa amelala baada ya safari ndefu. Alibaki ameketi. Injini ilipoa ikitoa milio midogo. Nyuma yake kitenge kilijisogeza, kikohozi alichokijua kikasikika.

"Tumefika?"

Lydia alikuwa ndani, akigonga sufuria. Felisian alingoja kidogo, kama mtu anayempisha mwingine ajibu. Hapakuwa na mwingine.

"Tumefika, mama," alisema, macho yake yakiwa mbele, kwenye ukuta wa nyumba.

Agnesi hakushtuka.

"Umechoka?" aliuliza.

"Kidogo."

"Na mimi."

Wakakaa hivyohivyo, kila mmoja akitazama mbele, mpaka Lydia alipotoka na taa.